Usianze na saini

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tony Gwynn, nyota wa besiboli aliyecheza maisha yake yote ya kulipwa San Diego Padres, alizitazama bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kwa jina lake katika duka la klabu yake mwenyewe. Akasema saini zile hakuziandika yeye.

Halikuwa duka la uchochoroni. Lilikuwa duka la klabu.

Wakati huo FBI ya San Diego ilikuwa ikifuatilia genge la waghushi wa California, katika uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen, ambao ulitangazwa hadharani mwaka 2000. Waliotiwa hatiani walipita 60. Genge lilighushi karibu kila jina linalouzika, mpaka ikapatikana mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. (Ndiyo, yule yule mtawa wa Kolkata.) Na mali hiyo haikutembea uchi. Ilitembea na vyeti vya uhalisi, vimechapwa vizuri, vina mihuri.

Ni wiki kadhaa sasa kisa hiki hakinitoki kichwani. Ikiwa klabu iliwekewa rafuni saini feki za mchezaji iliyekuwa ikimwona kila siku, mnunuzi wa Arusha au Mombasa anayetazama picha tatu kwenye simu aanzie wapi?

Asianze na saini.

Saini ndiyo sehemu ambayo mghushi ameifanyia mazoezi kuliko zote. Ameiandika mara mia kabla hujaiona. Lebo ya ndani ya jezi hakuifanyia mazoezi, wala mdhamini wa kifuani, wala mwaka kalamu ile ilipoingia sokoni. Tena mambo hayo yana faida moja kubwa: yanaweza kukupa "hapana" isiyo na ubishi. Saini, hata ukiitazama wiki nzima, ikijitahidi sana itakupa "huenda".

## Je, kitu chenyewe kingeweza kuwepo?

Chukua Mbwana Samatta. Alijiunga na Aston Villa Januari 2020, akavaa namba 20, na tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Villa wakifungwa 2–1 na Manchester City. Jezi ya msimu ule ilitengenezwa na Kappa na kifuani iliandikwa W88. Msimu uliofuata mdhamini akawa Cazoo, na Septemba 2020 Samatta akaenda Fenerbahçe.

Sasa mtu anakuletea jezi ya Villa yenye Cazoo, mgongoni "Samatta 20", saini juu ya namba, na maelezo kwamba "ni ya Wembley". Huhitaji kuitazama saini. Duka lolote linaweza kuchapa jina lile kwenye jezi ile, na Samatta mwenyewe anaweza kuwa aliisaini siku yoyote baadaye, lakini jezi hiyo si ile ya Wembley. Hadithi imekufa, na bei iliyojengwa juu ya hadithi ife nayo.

Drogba ni mfano mwingine mzuri, kwa kuwa jezi zake zimejaa mitaani kwetu. Alifika Chelsea 2004, akavaa 15 kwa misimu miwili, akachukua 11 mwaka 2006. Fly Emirates iliondoka kifuani 2005, ikaja Samsung. Jezi ya Fly Emirates yenye "Drogba 11" haikuvaliwa na Drogba hata dakika moja.

Messi Barcelona: 30 mwanzoni, 19 kuanzia 2006 hadi 2008, kisha 10. Kifuani UNICEF kuanzia 2006, Qatar Foundation 2011, Qatar Airways 2013, Rakuten 2017. Spotify ilianza 2022, yaani baada ya Messi kuondoka Agosti 2021. Kariri au andika pembeni.

Baada ya kifua, geuza jezi. Jezi za Nike huwa na kilebo kidogo ndani chenye namba ya bidhaa: tarakimu sita (za miaka ya karibuni, herufi mbili na tarakimu nne), kistari, tarakimu tatu. Za Adidas huwa na namba inayotanguliwa na ART, mara nyingi na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Andika namba hiyo kwenye Google. Ikikuletea viatu, au jezi ya timu nyingine, jezi si ya kiwandani.

Hapo lakini kuna mtego.

Jezi feki inaweza kuwa na saini ya kweli. Mchezaji akishuka kwenye basi anasaini alichopewa, na mashabiki wetu wengi humpa jezi ya sokoni. Kwa hiyo jezi feki haimalizi kesi kama muuzaji anasema saini ilichukuliwa hotelini au uwanja wa ndege. Inaimaliza kama anasema imetoka kwenye kampuni yenye mkataba na mchezaji, kwa sababu kampuni hizo hazisainishi jezi za sokoni.

## Kalamu nayo ina mwaka wa kuzaliwa

Biki, yaani kalamu ya kipira, ilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Lou Gehrig, gwiji wa besiboli wa New York Yankees, alifariki Juni 1941. Saini ya Gehrig kwa biki haiwezekani, na bado zinauzwa.

Sharpie, maka peni ya ncha nyembamba ambayo ndiyo kalamu ya kila siku ya wanamichezo wa Marekani, iliingia sokoni 1964. Picha ya Cassius Clay, bondia aliyekuja kuitwa Muhammad Ali, akiwa na medali ya Olimpiki ya Roma 1960 inaweza kuwa na saini ya Sharpie, maana picha ya zamani husainiwa hata miaka 30 baadaye. Kisichowezekana ni saini hiyo ya Sharpie kuwa iliandikwa Roma. Wino unatoa umri wa saini, hautoi umri wa picha, na wauzaji wengi hupenda uchanganye mawili hayo.

Tochi ya urujuanimno, hii hii ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, inasaidia kwenye karatasi. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha weupe, nayo huwaka rangi ya samawati kali chini ya tochi. Kemikali hiyo ilienea viwandani kuanzia miaka ya 1950. Kadi inayodaiwa kuwa ya 1936 ikiwaka hivyo, irudishe. Ila usiibebe tochi hii kama rungu la kila vita: kwa bango au picha ya 1974 haikuambii kitu, kwa kuwa karatasi za miaka hiyo nazo huwaka.

## Chini ya lenzi

Nunua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko fremu yoyote utakayouziwa.

Kwanza tafuta nukta. Saini iliyochapwa kwa mashine, ukiikuza, inavunjika kuwa vitone vya samawati, pinki, njano na nyeusi, au vitone vya wino vilivyotawanyika pembezoni mwa mstari. Wino wa kalamu hauna vitone; ni mstari mmoja uliojaa. Kadi nyingi ambazo klabu hutuma kwa mashabiki zina saini iliyochapwa, na klabu haimdanganyi mtu. Anayemdanganya mtu ni yule anayeitia kadi hiyo fremu na kuiuza kama iliyoandikwa kwa mkono.

Pili, inamisha picha chini ya taa. Wino wa maka peni unakaa juu ya picha, na mng'ao wake ni tofauti na wa karatasi. Saini iliyochapwa pamoja na picha inang'aa sawasawa na shavu la mchezaji.

Tatu, tazama mistari inapokatana. Kwa kalamu ya kweli, kwenye makutano wino umepita mara mbili, na mara nyingi panakuwa peusi zaidi. Kwenye chapa rangi ni ile ile kila mahali. Muhuri wa mpira nao hujisema: wino hurundikana kingo za mistari na katikati pamefifia.

Nne ni mashine ya kusaini. Inashika kalamu halisi na wino halisi, kwa hiyo vipimo vyote vilivyotangulia inavipita. Kinachoiumbua ni kwamba shinikizo ni lile lile kuanzia mwanzo hadi mwisho, mstari unaanza na kuisha kwa kitone butu, na saini mbili zinalingana kabisa. Tafuta mtandaoni saini nyingine za mtu huyo, weka moja juu ya nyingine kwenye programu ya picha, fifisha ile ya juu mpaka ya chini ionekane. Zikilala pamoja bila kupishana, hakuna mkono wa mtu hapo. Binadamu hasaini sawa mara mbili.

Kwenye kitambaa mambo hubadilika kidogo. Polista hunywa wino kufuata nyuzi, hivyo kingo za saini ya kweli huwa na manyoya madogo. Kama mistari imenyooka na kingo zimekatika safi kabisa juu ya kitambaa chenye matundu, shuku chapa. Juu ya namba ya plastiki, kinyume chake, wino hukaa laini na unaweza kuteleza.

## Mkono, na tatizo la Ali

Mtu anayeandika jina lake haandiki herufi, anapita tu. Mstari unaanza kalamu ikiwa tayari inatembea, na unaisha ikiwa bado inatembea, ndiyo maana ncha zake huchongoka. Mghushi anachora. Ncha ni butu, kona zina kusita, na mstari unatetemeka pale unapopinda. Ukiigeuza saini kichwa chini jicho linaacha kusoma jina na kuanza kuona maumbo: mwinamo, nafasi kati ya herufi, urefu wa herufi ndefu dhidi ya fupi, mahali kalamu ilipoinuliwa.

Mpaka hapo kanuni inaonekana nyepesi. Mtetemo ni ughushi.

Kisha anakuja Muhammad Ali, ambaye pengine ndiye mwanamichezo anayeghushiwa zaidi kwenye ndondi, na kanuni inayumba. Ali aligundulika na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984 na aliendelea kusaini kwa miaka mingi, karibu mpaka kifo chake Juni 2016. Parkinson hufanya mwandiko uwe mdogo, ubanane, na utetemeke. Kwa hiyo saini halisi ya Ali ya miaka ya mwisho ina dalili ile ile tuliyoambiwa ni ya mwizi.

Wakaguzi hutofautisha hivi: mtetemo wa ugonjwa hutembea na mstari mzima, kwenye mnyoofu na kwenye kona, na herufi huzidi kunywea kadiri jina linavyoendelea. Mtetemo wa mghushi huonekana zaidi kwenye kona, anapowaza aende wapi, halafu kwenye mnyoofu anatulia. Wala huo si mwisho wa ubishi, na mtu anayekuambia ana uhakika wa asilimia mia kwa saini ya Ali ya 2005 kwa kuitazama kwenye simu, mkwepe.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni tarehe. Saini kubwa, pana, ya mbio, inayodaiwa kuwa ya 2010? Hapana. Saini ndogo iliyobanana kwenye picha inayodaiwa kusainiwa 1966? Hapana pia. Jina "Cassius Clay" peke yake halikupi jibu: alibadili jina Machi 1964, lakini baadaye wakusanyaji walimwomba aliandike la zamani, naye mara nyingine aliwaandikia.

Usilinganishe saini unayoiuziwa na moja uliyoipata mtandaoni. Kusanya kumi au zaidi za miaka ile ile, zilizotoka kwa wauzaji tofauti na zenye asili inayojulikana, maana nusu ya unazozikuta kwenye minada ya mtandaoni zinaweza kuwa za mghushi mmoja. Utakuwa unamlinganisha na yeye mwenyewe.

Kwa glovu za Kinshasa 1974, pambano la Ali na George Foreman, nisitumie maneno mengi. Glovu yenye kifungo cha kunata badala ya kamba mara nyingi ni ya mazoezi, tena ya miaka ya karibuni. Ali anaweza kuwa aliisaini, lakini si ya usiku wa Foreman.

Afrika Mashariki tuna habari yetu na Ali. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Dar es Salaam na Nairobi kutafuta uungwaji mkono wa kususia Olimpiki ya Moscow. Nyerere hakumpokea. Nairobi alikwenda, na Kenya ikasusia. Bila shaka kuna watu walimfikia na karatasi, kwa hiyo mtu akikuambia marehemu baba yake alisainiwa na Ali Dar, usicheke. Uliza. Tarajia mwandiko mpana na wa haraka, wa kabla ya 1984. Tarajia biki kwenye kipande cha karatasi, kitabu cha shule, labda gazeti la wiki ile. Picha kubwa ya rangi inayong'aa yenye saini ya maka peni ya fedha katikati si kitu ambacho mtu wa kawaida alikuwa nacho mkononi uwanja wa ndege mwaka 1980.

## Cheti cha nani?

Katika nchi nyingi cheti cha uhalisi hakina sheria yake maalumu. Yeyote mwenye printa anaweza kukitoa. Kwa hiyo swali si kama kipo, swali ni aliyekitoa aliona nini.

Kuna vyeti vya shahidi na kuna vyeti vya maoni.

Shahidi alikuwapo. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilianzisha mfumo wake mwaka 2001, baada ya Operation Bullpen: mkaguzi, kwa kawaida askari wa sasa au mstaafu, anakaa uwanjani, na kitu kikitoka mchezoni kinabandikwa mbele yake hologramu, yaani kibandiko cha kumetameta, yenye namba. Upper Deck, kampuni ya Marekani ya kadi na kumbukumbu za michezo, ina mkataba na Michael Jordan tangu 1992, na inasimamia saini zinapoandikwa. Icons ya London imefanya hivyo na Messi kwa miaka mingi. Ukikuta jezi ya Messi yenye cheti cha kampuni usiyoijua, jiulize waliipataje saini ya mtu mwenye mkataba wa namna hiyo.

Mtoa maoni hakuwapo. PSA, JSA na Beckett ndio wakubwa wa kazi hiyo Marekani. Wanaipokea glovu, wanalinganisha na kumbukumbu zao, wanasema "kwa maoni yetu". Ni maoni ya watu wanaojua, na soko linayaheshimu, lakini wamewahi kukosea na hawakubaliani wao kwa wao kila mara. (Wana pia huduma ya kusimamia saini ikiandikwa, hiyo huandikwa wazi kwenye cheti.)

Jinsi ya kukagua: usiskani msimbo ulio kwenye cheti. Msimbo unaweza kukupeleka kwenye tovuti ya mghushi, yenye nembo ile ile. Andika anwani ya kampuni mwenyewe, ingiza namba, kisha soma maelezo neno kwa neno. Namba ikiwa halali lakini maelezo yanasema "picha ya inchi 8 kwa 10" wakati wewe umeshika glovu, namba imeibwa. Kama kuna picha kwenye kumbukumbu, linganisha mahali saini ilipo dhidi ya mshono au namba. Mwishowe tazama kingo za hologramu: ikibanduliwa huacha alama au huchanika, kwa hiyo yenye mikunjo, vumbi la gundi au kona iliyoinuka inawezekana ilihamishwa.

Na ile picha ya mchezaji akisaini, ambayo wauzaji huiweka ndani ya fremu? Inathibitisha kwamba mchezaji huyo anajua kusaini. Isipokuwa unaona jezi ile ile, mkunjo ule ule, saini ikianza palepale ilipo kwenye unayoinunua, ihesabu kama pambo.

## Pesa

Linganisha bei na gharama ya fremu. Jezi ya kiwandani, fremu ya kioo, kibao cha maandishi: jumlisha bei za mtaani kwako. Kama jumla inakaribia bei anayotaka, ina maana saini ya Messi umepewa bure.

Waghushi wengi hawauzi ghali. Huuza bei ya katikati, inayokufanya ujione mjanja.

Omba picha mpya ya kitu hicho kikiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo, na saini ikipigwa kwa karibu, kamera ikiielekea moja kwa moja. Omba kwa maandishi kwamba fedha zote zitarudi iwapo PSA, JSA au Beckett watakataa saini, bila kikomo cha siku. Dhamana ya siku 7 haina maana wakati kifurushi kinachukua wiki kadhaa kufika kwa mkaguzi. Usitume fedha moja kwa moja kwa M-Pesa kwa mtu usiyemjua. Lipa kwa kadi au njia inayokuruhusu kudai fedha zako. Na kabla ya kufikiria "nitaipeleka Marekani ikakaguliwe", piga hesabu ya usafirishaji wa kwenda, bima, ada, usafirishaji wa kurudi na ushuru. Kwa kitu cha bei ya kawaida hesabu hiyo inazidi kitu chenyewe. Ni afadhali ununue kilichokwisha kukaguliwa, hata kama kinauzwa ghali kidogo.

Kwenye mnada wa hisani muulize mwandaaji jambo moja: kitu hiki kilitolewa na nani? Vingine hutolewa na klabu au mchezaji mwenyewe. Vingine huletwa na mfanyabiashara anayechukua bei yake ya msingi, na shirika la hisani hubaki na kinachozidi. Watu hutaja bei kubwa kwa sababu ya wema, na hakuna anayetaka kuuliza maswali mbele ya yatima. Mfanyabiashara anajua.

## Nyota wa nyumbani

Kwa wachezaji wa Simba, Yanga, Gor Mahia, hata kwa Samatta na Wanyama, wakaguzi wa Marekani hawana cha kutosha cha kulinganisha. Hapa mkaguzi ni yule aliyekuwapo.

Kama unamsainisha mchezaji mwenyewe, mtu wa pili arekodi video moja isiyokatwa: lebo ya ndani, namba mgongoni, uso wa mchezaji, kalamu ikigusa kitambaa, mpaka jezi inainuliwa. Weka kadibodi ndani ya jezi ili kitambaa kisijikunje na wino usipenye upande wa pili. Acha ikauke dakika kumi kabla ya kukunja, usipige pasi juu ya saini, usitundike panapopigwa na jua. Andika siku, mahali na waliokuwapo. Hifadhi faili la awali, kwa sababu video ikipita WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa na hupoteza taarifa za muda ilipopigwa.

Ukimkuta muuzaji anayesema ana video ya namna hiyo, mwombe aipakie Google Drive akupe kiungo, ipakue, fungua maelezo ya faili uone tarehe video ilipopigwa, isimamishe saini inapoandikwa na uilinganishe na jezi aliyoshika sasa. Bei mzungumze baada ya hapo.